Wakodava siyo kitimoto tu, jamani

Wadau, juzi nimesoma makala nyingine ya utalii kuhusu Kodagu, ile wilaya ya milima na kahawa kusini mwa India ambayo Waingereza waliiita Coorg. Kama kawaida: ukungu, kahawa, na pandi kari, yaani mchuzi wa nguruwe. Basi. Mwandishi kala sahani moja hotelini, kaondoka, katangaza kwamba amekijua chakula cha Wakodava. Mimi naona huu ni uonevu.

Najua mnachotaka kuuliza: wewe Mwislamu wa Pangani, kitimoto cha watu kinakuhusu nini? Hiyo ndiyo sababu yenyewe. Julai 2016, nikiwa nasoma Mysore, rafiki yangu Mkodava alinichukua kwao, kilomita kama 120 kutoka chuoni. Mama yake, ambaye sisi vijana wote tulimwita anti, aliposikia sili nguruwe alicheka, akasema basi utakula mvua.

Sikumwelewa mpaka nilipoingia jikoni. Kuanzia katikati ya Julai ni mwezi wao wa Kakkada, na mvua ya kule hainyeshi, inamwagwa. Ni msimu wa kupanda mpunga, kwa hiyo tangu zamani watu hula kile mvua inachokitoa: uyoga wa porini, majani ya magimbi, kaa wa majarubani, machipukizi ya mianzi. Haya ya mwisho hukatwakatwa na kulowekwa siku 2 au 3, maji yakibadilishwa kila siku, la sivyo ni machungu na yanadhuru. Harufu yake? Tusidanganyane, siku ya pili nilitaka kuhama nyumba. Siku ya tatu yakaungwa kwa nazi na pilipili, yakaja na akki otti, mkate mwembamba wa unga wa mchele uliokandwa na wali. Nikaomba tena, na tena.

Tarehe 3 Agosti, siku ya 18 ya Kakkada, kuna jani liitwalo madd thoppu. Wanaamini siku hiyo lina dawa 18 ndani yake. Linachemshwa, maji yanakuwa zambarau, yanapikiwa wali mtamu. Hakuna aliyenionya kwamba ukienda chooni nako ni rangi tupu! Nusura nikimbilie hospitali.

Halafu kuna kachampuli. Matunda ya porini yaliyoiva huachwa yachuruzike, kisha maji yake huchemshwa mpaka yawe siki nyeusi tii. Hata huo mchuzi wa nguruwe unaosifiwa bila kachampuli siyo wenyewe. Anti alitia matone machache kwenye samaki wangu, na ukali ule ukanirudisha jikoni kwa bibi Pangani, kwenye samaki wake wa ukwaju. Bibi alifariki 2011. Sikuwahi kumuuliza kipimo hata kimoja.

Ndiyo maana nakasirika. Hoteli haitaloweka mianzi siku tatu kwa ajili ya mgeni wa usiku mmoja, nailewa. Lakini tukikubali kwamba sahani moja inayouzika ndiyo chakula cha watu wote, hata watoto wa nyumbani wataamini. Rafiki yangu sasa yuko Bangalore. Anaagiza pandi kari kwa simu, anakula, anasema amekula kwao. Nikimsema ananijibu kazi, foleni, mama anajua yote. Mama yuko milimani peke yake, na Agosti 2018 maporomoko ya udongo yalipoua watu Kodagu, tulipitisha siku mbili simu yake haipatikani. Alikuwa salama. Ila siku zile mbili nilifungua daftari nililoandika jikoni kwake, nikalisoma lote.

Mwezi uliopita rafiki yangu akaniomba nimpigie picha kurasa za mianzi. Mimi mgeni! Nikatuma. Baada ya dakika kumi akauliza: hapa umeandika kiganja kimoja cha nazi, ni kiasi gani?

Nikamjibu, kiganja cha mama yako. Mpigie.