Malizeni ubishi na fundi kabla zege halijamwagwa

Jumamosi hiyo mama wa watoto watatu alifika saiti na bahasha ya malipo ya wiki, kama kawaida yake. Kiwanja chao cha mita 20 kwa 30 kiko pembezoni mwa Dar es Salaam, na kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Kabla hajasalimiana na fundi, aliona vibarua wawili wamezama hadi kifuani kwenye shimo nyuma ya nyumba.

"Fundi, hilo shimo la nini?"

"Karo la choo, mama."

"Mbona kwenye ramani karo liko mbele, karibu na barabara?"

Fundi akashusha sauti. "Baba alinipigia. Alisema nyumba niisogeze nyuma, mbele zikae fremu tatu za biashara. Karo nalo ikabidi lije huku. Nilijua mmeongea."

Hawakuwa wameongea. Mume yuko mgodini Geita, hutuma fedha kila mwisho wa mwezi. Mke ni mwalimu wa shule ya msingi, ndiye anayesimamia ujenzi na kulipa mafundi. Kwa miezi miwili alipita hapo kila Jumamosi bila kujua kwamba nyumba yake imerudi nyuma mita nne. Angejuaje? Nani hutembea na futi kamba kwenye mkoba?

Aliagiza kazi isimame. Fundi akasema siku za vibarua lazima zilipwe, kwa sababu yeye alitii amri ya mwenye nyumba. Mama akauliza, mwenye nyumba ni nani?

Usiku huo simu ya Geita na Dar es Salaam haikuwa ya mapenzi. Mume alikuwa na hoja. Fremu zingeleta kodi, na kodi ingelipa ada. Mke hakupinga fremu. Kilichomuuma ni kwamba fundi alijua mipango ya nyumba yao kabla yake.

Jumatatu jirani wa nyuma alibisha hodi, mama mtu mzima anayelea wajukuu. Baada ya shikamoo na marahaba alisema neno moja tu: "Mwanangu, kisima changu kiko hapo nyuma ya ukuta, na sisi maji yake tunakunywa."

Walipima pamoja. Kutoka kwenye shimo hadi kisimani zilikuwa mita saba.

Kwa nini mita saba ni chache

Watu wengi huona karo kama tangi lililofungwa. Kwa kawaida makaro mengi ya majumbani huachia maji yazame ardhini, na ndiyo maana hukaa muda mrefu bila kujaa. Maji hayo hubeba vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Udongo huyachuja kadiri yanavyosafiri, lakini unahitaji umbali na muda. Kwenye mchanga, kama ulivyo sehemu nyingi za ukanda wa pwani, maji hupita haraka zaidi.

Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa maji na usafi ni walau mita 30 kati ya shimo la majitaka na chanzo cha maji ya ardhini, na sakafu ya shimo iwe walau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji hayo. Msimu wa masika maji ya ardhini hupanda, kwa hiyo shimo lililochimbwa kiangazi pakiwa pakavu linaweza kukutana na maji mvua zikinyesha.

Wapo wanaosema watachemsha. Kuchemsha huua vijidudu na ni jambo jema, ila hakuondoi naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi na mbolea. Kwa mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya kopo, naitreti nyingi hupunguza uwezo wa damu kubeba oksijeni.

Ramani ya kwanza ilikuwa imelifikiria jambo hili. Karo lilipangwa mbele, mita tatu kutoka barabarani, na kutoka hapo hadi kisimani ni mita 32. Gari la kunyonya majitaka nalo lingefika bila kuvuka ua wa mtu. Mita nne za kusogeza nyumba zilivuruga hesabu yote hiyo.

Walivyomaliza

Mume aliomba ruhusa akaja. Walikaa watatu chini ya mwembe, na ramani mezani. Kubomoa kulikuwa nje ya uwezo wao, hivyo nyumba ilibaki ilipo. Karo lilirudi mbele kwenye kona, na fremu tatu zikawa mbili. Kwa bahati kiwanja kinateremka kuelekea barabarani, hivyo fundi bomba aliweza kupitisha bomba pembeni mwa nyumba likishuka karibu sentimita mbili na nusu kwa kila mita.

Gharama ya kuchimba na kufukia shimo la nyuma waligawana. Mume alikubali kwamba amri ilikuwa yake. Fundi naye alikubali kwamba alipaswa kumwambia mama aliyekuwa akimlipa kila wiki. Waliandika makubaliano kwenye daftari, wote watatu wakasaini, na mjumbe wa serikali ya mtaa akashuhudia.

Wako wasiofika hapo. Mwingine humfukuza fundi, fundi hushikilia vifaa, na watoto wanaendelea kukaa nyumba ya kupanga huku ujenzi umesimama. Kama mjenzi ni kampuni iliyosajiliwa, malalamiko yanaweza kupelekwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Fundi wa mtaani asiyesajiliwa mara nyingi hana wa kumwajibisha isipokuwa karatasi mliyosaini naye. Pasipo karatasi, mbele ya mjumbe au mahakamani huwa ni neno lako na neno lake.

Siku ya kamba

Siku muhimu kuliko zote katika ujenzi ni ile fundi anapopigilia mambo ardhini na kufunga kamba kuonyesha msingi utakapopita. Siku hiyo kusogeza nyumba ni kung'oa mambo na kufunga kamba upya. Wiki mbili baadaye ni kuvunja zege. Wazazi wote wawili wakiweza, wawepo. Asiyeweza aone kwa simu ya video.

Haya ndiyo ya kuangalia siku hiyo:

Bikoni. Zionekane zote kabla ya kupima chochote. Ikikosekana hata moja, mwite mpima ardhi. Ukuta wa jirani si mpaka, huenda naye alikosea.

Umbali kutoka mipakani. Upo kwenye masharti ya kibali cha ujenzi kinachotolewa na halmashauri. Soma kibali chako mwenyewe, usifuate nyumba ya mwenzako.

Kona. Kwa umbo la mstatili, pima kutoka kona moja hadi ya kinyume, kisha rudia kwa zile nyingine mbili. Vipimo vikilingana, na pande zinazotazamana zikiwa sawa, nyumba imekaa vizuri. Mafundi wazuri pia hupima tatu, nne, tano ili kona iwe ya mraba. Muombe akuonyeshe.

Karo na visima. Pima hadi kisima chako na cha kila jirani. Visima vya majirani havimo kwenye ramani yako, kwa hiyo piga hodi uulize.

Jua na upepo. Simama mahali kitakapokuwa chumba cha watoto, saa kumi jioni. Ukuta unaotazama magharibi hupokea jua la alasiri na kubaki wa moto hadi usiku, na mtoto mdogo huteseka kwenye chumba cha joto. Pwani upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki na kusi kutoka kusini mashariki. Dirisha lililobanwa na ukuta wa uzio halipati upepo wowote.

Mkishakubaliana, pigeni picha za kamba zikiwa zimefungwa, andikeni vipimo kwenye daftari na kila mmoja asaini. Halafu wekeni utaratibu kwamba badiliko lolote linaandikwa kwenye kundi moja la WhatsApp alimo mume, mke na fundi. Fundi akipigiwa simu pembeni, ajibu kwa upole: "Iandike kwenye kundi, bosi."

Utaratibu huo humlinda fundi pia. Mafundi wengi wanaolaumiwa kwa nyumba iliyokaa vibaya walikuwa wakitumikia mabwana wawili wasioambiana.

Familia ile ilihamia nyumba ikiwa haina dari, kama wengi wanavyofanya. Uani, pale palipochimbwa shimo, mama alipanda mchicha. Jirani yule huja kuchuma jioni, na siku maji ya bomba yanapokatika, watoto watatu hubeba ndoo kwenda kisimani kwake.