Figo ya Nguruwe Yafika Barazani

Juzi, baada ya Isha, rafiki yangu ambaye mara mbili kwa wiki hulazwa kwa muda wa saa nne mashine ikimsafisha damu, aliniuliza: "Maalim, nikitiwa figo ya nguruwe, sala yangu itasihi?" Wengine walicheka. Yeye hakucheka.

Habari zenyewe ni za kweli. Januari 2022, mjini Baltimore, Marekani, David Bennett alitiwa moyo wa nguruwe aliyebadilishwa jeni kumi, sita kati yake zikiwa za binadamu, ili mwili usiukatae. Miongoni mwa wakuu wa kazi hiyo alikuwa Dakta Muhammad Mohiuddin, Mwislamu aliyesomea udaktari Karachi. Bennett aliishi miezi miwili, na kirusi cha nguruwe kikakutwa ndani ya moyo ule. Machi 2024, Boston, Richard Slayman alipewa figo; naye hakutimiza miezi miwili, ingawa hospitali ilisema haikuona dalili kuwa figo ndiyo iliyomuua.

Wanaokunja nyuso na wajue kuwa heparini, dawa itiwayo katika mashine zile damu isigande, kwa kawaida hutolewa katika matumbo ya nguruwe. Hilo hatukuliuliza.

Wanavyuoni wetu walitangulia. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj yake ambayo sisi Mashafii twaijua, alimtaja mtu aliyeungwa mfupa kwa kitu najisi. Alimpa udhuru, lakini kwa sharti kuwa kilicho tohara kimekosekana.

Sharti hilo ndilo linaloniwasha. Rafiki yangu ana ndugu wanne, tumbo moja. Binadamu huweza kuishi kwa figo moja, lakini katika hao wanne hapana hata mmoja aliyekwenda kupimwa. Mmoja ana safari, mwingine mkewe hataki, wa tatu asema mwili ni amana. Hoja ya amana naiheshimu. Ila wanavyuoni wa Akademia ya Fiqhi waliokutana Jeddah mwaka 1988 waliruhusu aliye hai kutoa kiungo, kwa hiari yake, ikiwa uhai wake hautegemei kiungo hicho.

Swali la nguruwe nilimwambia alipeleke kwa masheikh. Mimi ni mtunga mashairi tu. La ndugu nililichukua mwenyewe, nikaenda kubisha hodi. Yule wa nne alinisikiliza kimya, kisha akaniambia nirudi Ijumaa.