Andika Kongo, Usiandike Lavington

Msimu umefika, wasee. Ukipita University Way asubuhi ya mahafali unaona tu: majoho meusi kila mahali, wamama wa maua, wapigapicha wanaokufuata kabla hata hujaamua kusimama, na zile shada za kumetameta ambazo shangazi akikuvisha zinakuwasha shingo mpaka jioni. Kwa wote mliopewa ile "nguvu ya kusoma", hongereni sana. Mlisoma miaka minne bila nguvu, sasa wamewapatia.

Lakini kabla ya kuposti picha, wacha niwaambie stori yangu.

Mimi ni wa Kongo. Sio ile ya Kinshasa. Kongo ya Kawangware, ya matatu namba 46. Nimelelewa hapo, nyumba ya mabati, maji ya mtungi. Ila ukiuliza watu niliosoma nao chuo, hadi leo kuna wenye wataapa kwamba natoka Lavington.

Sikuwahi kusema hivyo waziwazi. Nilisema tu "niko pande za Lavington", nikawaacha wajijazie wenyewe. Si ni majirani? Jioni moja tukiwa mwaka wa pili, rafiki alikuja na gari ya babake, akasema atanifikisha hadi nyumbani. Nikamwambia anishushe tu Valley Arcade. Nikasimama kwa geti ya watu, nikajifanya natafuta funguo mfukoni mpaka akaondoka. Halafu nikafuata Gitanga Road kwa miguu, giza limeingia, mvua ndiyo hiyo inaanza. Nilifika Kongo nimelowa, na najua utacheka, lakini nilijiona nimeshinda. Sijashikwa.

Bei yake nilikuja kuilipa siku ya mahafali.

Mama yangu anauza chapo na madondo hapo steji. Miezi miwili kabla, alikuwa ashashona gauni ya kitenge na kuambia chama chake chote. Wiki ikibaki moja, nikamwambia kadi za wageni zimekatwa, asijisumbue, tutakula pamoja jioni. Hakuna kadi ilikuwa imekatwa. Niliogopa tu atafika pale na sauti yake ya steji, apige vigelegele, aseme "huyu ni wetu wa Kongo" mbele ya watu.

Nilirudi jioni nikampata amekaa kitandani, amevaa ile gauni. Wamama wawili wa chama wako mlangoni na soda. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Vaa hiyo kofia nikuone."

Nina picha zaidi ya mia za siku hiyo. Mama yuko kwa moja, na ni ya simu, taa hafifu, uso hauonekani vizuri.

Sasa, kila msimu kama huu utasikia wahitimu wakiambiwa "kuwa wewe mwenyewe". Inasikika kama maneno ya kuandikwa kwa kikombe. Lakini kwetu sisi wa Kawangware na Kibera si maneno matupu. Ni ile sehemu ya CV imeandikwa "makazi". Hapo ndipo wa Kibera anageuka wa Kilimani, na wa Kongo anageuka wa Lavington.

Na sitakudanganya kwamba hii hofu ni ya bure. Kuna maboma na ofisi ambazo ukitaja Kibera, watu wanaanza kuhesabu vijiko. Nimeiona. Kwa hivyo sikuhukumu ukiandika Kilimani. Ninachosema ni kwamba uongo huu una kodi, na inalipwa kila mwezi. Hakuna rafiki anaweza kukutembelea. Ukiwa mgonjwa, hakuna anayejua mlango wako. Kila stori unasimulia nusu. Na ndugu yako mdogo anakuona, anajifunza kwamba mahali analala ni siri.

Angalia Octopizzo. Matatu ya Kibera ni namba 8, na yeye akachukua hiyo namba akaifanya jina. Kile wengine wanaficha kwa CV, yeye alikipandisha jukwaani. Ama Kennedy Odede, aliyeanzisha SHOFCO pale Kibera mwaka wa 2004, halafu akasomea Chuo Kikuu cha Wesleyan huko Marekani na kuhitimu 2012. Na digrii ya Marekani mkononi, bado anajitambulisha kwa Kibera.

Mimi na wewe si Octopizzo, najua. Hatujaombwa albamu. Tumeombwa vitu vidogo. Mlete mama, na umweke katikati ya picha, si pembeni. Pitia kwa jamaa wa saiba aliyekuprintia projekti kwa deni, na kwa mwenye duka aliyekuandikia unga kwa kitabu hadi HELB ikaingia. Hiyo digrii ni yao pia. Usikope pesa ya sherehe ili ufanane na watu wa hosteli. HELB yenyewe itakutafuta, na haitauliza kama picha zilitoka poa. Na kama kazi haijapatikana, simama steji uuze chapo bila kuomba msamaha kwa mtu. Digrii haichafuliwi na unga.

Mwaka huu nilibadilisha CV yangu. Sasa imeandikwa: Kongo, Kawangware. Kwa intavyuu moja mzee akaniuliza, "Kongo ni wapi?" Nikamweleza dakika kumi nzima: steji, chapo, Gitanga Road na mvua yake. Kazi sikupata. Lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kuongea mbele ya watu wa suti bila kujichunga ulimi.

Dada yangu mdogo anavaa joho Desemba hii. Amepewa kadi mbili za wageni. Ya kwanza ameandika jina la mama kabla hata ya kuniuliza mimi. Gauni ya kitenge imetolewa sandukuni na kupigwa pasi.

Ya pili ni yangu. Nimeambiwa kazi yangu ni kubeba kamera.