Kasongo na Kabambare: Watoto wahesabiwe zaidi ya Septemba

Katiba ya 2006, katika ibara ya 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Ilichukua miaka 13, hadi Septemba 2019, kwa serikali ya Rais Félix Tshisekedi kuanza kuitekeleza. Wazazi waliokuwa wakishindwa kulipia walimu walipata nafasi ya kuandikisha watoto wao.

Lakini kuandikisha si kusoma. Katika wilaya za Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, swali la kuuliza si tu wangapi wameingia darasa la kwanza, bali ni nani atafika darasa la sita na kufanya mtihani wa ENAFEP.

Huko Salamabila, karibu na dhahabu ya Namoya, machimbo yanampa mvulana pesa leo, wakati shule inamuahidi faida ya kesho. Msichana naye hubakishwa nyumbani kulea wadogo, au huozwa mapema. Mapigano kati ya jeshi na Mai-Mai Malaika pia yamekimbiza familia. Mtoto wa familia hiyo anaweza kubaki kwenye orodha ya shule aliyoiacha, na asiandikwe kule alikokimbilia.

Hesabu hiyo si karatasi tu. Watoto wakizidi bila serikali kujua, hakuna mwalimu wa kuongezwa wala benchi. Mwalimu asiyelipwa na serikali atategemea michango ya wazazi, na neno "bure" litapoteza maana yake.

Kwa hiyo wakuu wa shule wahesabu tena watoto Januari na kabla ya mitihani, wakitenganisha wasichana na wavulana, umri, na waliokimbia vita. Shule za Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu zinazosimamiwa kwa mapatano na serikali zifanye vilevile. Kamati za wazazi zisomewe hesabu hiyo hadharani, na machifu wasaidie kufuatilia kila mtoto aliyetoweka.

Viongozi wa elimu Kasongo na Kindu wapeleke walimu kufuatana na watoto waliopo darasani. Benchi lenye jina la mtoto aliye shimoni halimfundishi mtu.