Sauti ni ya mutoto wako, lakini ni yeye kweli?

Tuseme ni saa tatu ya usiku. Telefone inalia, namba hauijue. Unasikia sauti ya mutoto wako: «Baba, wametukamata kwa barabara ya Rutshuru. Tuma dola 300 kwa namba hii, usiambie mutu.» Sauti ni yake kabisa, mpaka vile anaita «Baba». Hata hivyo, inaweza kuwa si yeye.

Leo kuko programu za akili bandia zenye kuiga sauti ya mutu. Audio fupi ya WhatsApp ao video ya TikTok inaweza kutosha. Zingine zinatengeneza hata uso.

Si hadithi. Mwanzo wa mwaka 2024, huko Hong Kong, mutumishi wa Arup, kampuni ya Uingereza, alipokea barua kwa intaneti yenye kumuomba atume feza kwa siri. Alikuwa na mashaka. Kiisha wakamuita ku mukutano wa video, akaona mukubwa wa feza na wenzake wa kazi. Wote walikuwa wa bandia. Alituma mara 15, jumla karibu dola milioni 25. Mashaka yake ya kwanza ndiyo yalikuwa ya kweli. Macho ndiyo yalimudanganya.

Huku kwetu hatari ina njia yake. Vita imetawanya jamaa, tunajuana kwa sauti ya telefone. Utekaji wa watu barabarani uko kweli, basi muzazi akisikia vile hashangae, anaogopa tu. Na tangu mabenki yafungwe Goma na Bukavu mwaka 2025, feza nyingi inapita kwa telefone. Ikishatolewa ku kabini, kuirudisha ni nguvu.

Wengine wanashauri: angalia kama midomo inafuatana na maneno, omba mutu ageuze uso pembeni ao apitishe mukono mbele ya uso. Inasaidia, lakini rezo yetu mbaya inaficha makosa hayo. Kwa hiyo usihukumu sauti, hakikisha mutu. Kata, kiisha piga wewe mwenyewe ile namba uliyokuwa nayo zamani. Isipopita, uliza ndugu ao jirani mwenye kuwa naye. Akipiga tena, muulize jambo lenye jamaa tu inajua. Haraka na siri zikikuja pamoja, simama kwanza.

Umeshatuma? Piga sasa hivi kampuni ya telefone, omba wazuie feza mbele haijatolewa. Chunga audio na namba, peleka mashtaka. Sheria juu ya mambo ya numeriki, ya tarehe 13/03/2023, iko. Lakini sheria inakuja nyuma ya mwizi.

Basi leo, mukiwa wote ku meza, chagueni neno moja la siri la jamaa. Musiliandike ku WhatsApp. Hata koko ku kijiji alijue.