Mlima Haukimbii



Ndugu wasomaji, sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Baada ya hayo, juma hili tunajibu swali la mama mmoja, msomaji wa ukurasa huu wa familia, ambaye kijana wake amejiandikisha pamoja na wenzake kuupanda Mlima Kilimanjaro. Mama huyo anauliza mambo mawili. Kwanza, je, safari ya namna hiyo si upuuzi usiomfaa Muislamu? Pili, je, yeye kama mzazi amzuie?

Swali la kwanza halihitaji maneno mengi. Mlima si kitu kigeni katika dini yetu. Kabla ya kushukiwa na wahyi, Mtume (s.a.w.) alikuwa na desturi ya kupanda na kujitenga katika pango la Hira kwa siku kadhaa, kisha akarudi kwa Bi Khadija (r.a.) kuchukua masurufu ya siku nyingine. Na katika Suratul Ghashiya tunaelekezwa kuitazama milima namna ilivyosimamishwa. Basi anayekwenda kwa nia njema, akaona na akazingatia, hana lawama. Lakini Kitabu hicho hicho, katika Suratul Israa, kinatukataza kutembea juu ya ardhi kwa maringo, na kinatukumbusha kwamba mwanadamu hatafikia urefu wa milima. Jibu la swali la pili limo katika makatazo hayo, na sisi tulijifunza hivyo kwa gharama ambayo hatumtakii mzazi yeyote.

Miaka michache iliyopita tulimchukua mpwa wetu, kijana wa miaka kumi na tisa, tukampeleka Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Dada yetu hakuipenda safari ile. Tulimwambia asiwe na wasiwasi, tutamrudisha kijana na cheti anachopewa mpandaji aliyefika juu. Alitujibu, "Kaka, cheti ni chenu. Mimi mnirudishie mwanangu." Tulicheka, tukayahesabu maneno yale kuwa hofu ya kina mama tu.

Kosa la kwanza tulilifanya tukiwa bado mjini. Njia ya Marangu huweza kupandwa kwa siku tano au sita, na siku ya sita ni ya kupumzika njiani ili mwili uzoee. Kwa kuwa kila siku ndani ya hifadhi ina malipo yake, tulichagua tano. Lango la Marangu liko chini kidogo ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa kwanza hulala mtu Mandara, takriban mita 2,700. Wa pili Horombo, takriban 3,700. Wa tatu Kibo, takriban 4,700. Usiku huo huo wa tatu, kabla hujalala usingizi wa maana, huamshwa kuifuata ncha ya Uhuru, mita 5,895, ambayo ndiyo sehemu ya juu kabisa katika hifadhi ile na katika bara zima la Afrika. Tuliyatazama mahesabu hayo katika karatasi, tukaona ni safari ya watu wenye miguu. Hatukujua kwamba miguu si hoja.

Watu wengi hudhani kwamba juu mlimani oksijeni imechujwa ikabaki kidogo hewani. Sivyo. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile iliyoko Tanga au Mombasa. Kinachopungua ni kani ya hewa yenyewe, hata katika ncha ya Uhuru kila pumzi humpa mtu takriban nusu tu ya oksijeni ambayo angeipata pwani. Allah (s.w.) ameujaalia mwili uweze kujirekebisha, lakini marekebisho hayo huchukua siku, wala hayaharakishwi kwa ujana, kwa mazoezi wala kwa ushujaa. Ndiyo maana matabibu wa milimani hushauri kwamba mtu akishavuka mita 3,000, mahali anapolala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa siku moja, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike. Linganisha kanuni hiyo na ratiba yetu, uone tulivyomdhulumu mtoto wa watu.

Tuliondoka Kibo saa sita usiku, tochi zikiwa vichwani, tukipanda changarawe inayoteleza hatua moja nyuma kwa kila hatua mbili mbele. Yapata saa tisa tulifika kwenye pango linaloitwa kwa jina la Hans Meyer, zaidi kidogo ya mita 5,100. Hapo mpwa wetu aliketi, na alipojibu swali la mwongozaji, maneno yake yalitoka mazito kama ya mtu aliye usingizini. Mwongozaji, mtu mzima wa Marangu, hakubishana naye. Alichora mstari mavumbini kwa fimbo, akamwambia autembee, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Kijana alipiga hatua tatu, akayumba, akashika jiwe.

"Mjomba," alisema, "tumebakisha kidogo tu."

Hapa tunaandika jambo linalotuaibisha. Sisi tuliokabidhiwa amana tulisimama upande wa mtoto dhidi ya mwongozaji. Tuliomba nusu saa ya kupumzika. Tulitaja pesa tulizolipa. Yule bwana alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mzee, mlima haukimbii. Mtaukuta hapa hapa. Kijana huyu anashuka sasa hivi."

Baadaye tulielezwa kwamba kule Horombo kijana alitapika mara mbili, akamsihi mpishi asituambie. Sababu ni kwamba tulipokuwa langoni tulijigamba mbele ya watu kuwa wanaume wa ukoo wetu hawarudi nyuma. Aliona afadhali aumwe kuliko kututia aibu.

Tulishuka. Msaidizi wa mwongozaji alimshika kijana mkono, akabeba na mfuko wake. Hatukusimama Kibo ila kwa kuchukua mizigo, tukaendelea chini. Alfajiri ilitukuta katika ule uwanda mkavu ulio kati ya vilele viwili. Tulitayamamu, tukaelekea kaskazini, Mawenzi ukiwa kuliani kwetu na Kibo kushotoni, na kijana akaswali ameketi. Hatukumbuki sala nyingine tuliyomwomba Allah (s.w.) kwa unyenyekevu kama ile. Ilipofika adhuhuri tulikuwa Horombo, na mpwa wetu akaomba uji. Hakupewa dawa yoyote ya ajabu. Dawa yake ilikuwa kushuka.

Ndugu wasomaji, yule aliyelipa jina lake pango lile naye aliwahi kurudi nyuma. Mwaka 1887 Hans Meyer, Mjerumani, alizuiwa na barafu kabla ya kufika juu. Mwaka uliofuata hata mlima hakuufikia, kwa kuwa vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani vilimkuta njiani, akatekwa, na akaachiwa kwa fidia. Alifika tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, baada ya kupanga kambi mlimani na kuwaweka watu wa kuwapelekea chakula, ili wakishindwa leo wajaribu tena kesho. Na miaka sabini na miwili baadaye, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliisimamisha bendera ya Tanganyika na mwenge katika ncha ile ile. Katika miaka yote hiyo mlima ulikuwa pale pale.

Sasa tumjibu mama yetu. Hatukushauri umzuie. Kijana akizuiwa bila hoja huenda kwa siri, na siri ndiyo iliyotaka kutuua sisi. Mruhusu, lakini kwa masharti, na masharti yenyewe uyasimamie kama unavyosimamia mahari ya binti yako.

Sharti la kwanza ni siku. Asikubali safari ya siku tano kwa sababu ni nafuu. Achukue sita kwa uchache, na saba au zaidi ni bora. Akiweza, atangulie Mlima Meru katika Hifadhi ya Arusha, mita 4,562, unaopandwa kwa kusindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Huko atajifunza namna mwili wake unavyopokea mahali pa juu. Walioko Kenya wana ncha ya Lenana, mita 4,985, ambayo hufikiwa kwa miguu. Vilele vya Batian na Nelion vinavyopita hapo ni vya watu wa kamba, navyo vina elimu yake.

Sharti la pili ni daktari. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande. Hata aliyerithi chembe za ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye nyumbani haumwi kitu, amwone daktari kwanza, kwani mahali pa juu wengu wake huweza kudhurika. Wengi katika jamii zetu wamerithi chembe hizo bila kujua, na kipimo cha damu huzionyesha. Ikiwa daktari ataona inafaa, anaweza pia kumwandikia dawa ya kuusaidia mwili uzoee.

Sharti la tatu ni ulimi. Mfundishe dalili, na aahidi kumwambia mwongozaji asimfiche kitu. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni onyo: asipande zaidi mpaka zimeondoka. Kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kukosa pumzi hali ameketi, au kukohoa povu lenye rangi ya damu, hayo si maonyo tena. Hayo ni maji katika ubongo au katika mapafu, na ni lazima ashuke saa ile ile, uwe usiku au mchana. Sote tumeamrishwa tusijitie katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe, na kunyamaza kwa kuona haya ni mkono mmojawapo.

Sharti la nne ni swala. Yeye ni msafiri, ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Maji yakimdhuru kwa baridi, ana ruhusa ya kutayamamu. Viatu na soksi alivyovivaa akiwa na udhu ana ruhusa ya kupaka juu yake kwa siku tatu na usiku wake, kwa kuzifuata kanuni walizozieleza maulamaa. Kibla cha Kilimanjaro ni kaskazini, kwa kuinama kidogo sana mashariki. Dini imemrahisishia, basi asiseme kwamba mlima ulimzuia.

Sharti la tano ni haki za watu. Hakuna anayefika juu peke yake. Kuna wapagazi, ambao wenyewe kule huitwa wagumu, wanaobeba mahema, chakula na maji. Mzigo wao una kipimo, kilo 20, na hupimwa langoni. Kijana wako asiwe mtu wa kutafuta njia ya kuwaongezea, na ahakikishe anachowatunukia kinafika mikononi mwao. Mtume (s.a.w.) ametuusia kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na jasho la mlimani hukauka haraka.

Na sharti la mwisho ni lako wewe, mama yetu, si la kijana. Kabla hajaondoka, mwambie waziwazi, mbele ya baba yake na wajomba zake, kwamba akirudi bila cheti utampokea kwa furaha ile ile. Mwambie tena anapofunga mfuko wake. Kijana anayejua kwamba nyumbani hakuna atakayemcheka, huyo atasema ukweli akiwa katika mita 5,000. Asiyejua hilo atanyamaza, kama wetu alivyonyamaza.

Sisi tuliporudi, dada yetu alikuwa akitusubiri stendi ya mabasi. Tulikuwa tumeandaa maelezo marefu njia nzima. Hakutuuliza tulifika wapi. Alimshika mwanawe mashavu kwa mikono miwili, akamtazama machoni, kisha akatugeukia akasema, "Haya, twendeni nyumbani, chakula kinapoa." Hadi leo ncha ya Uhuru hatujaiona, na mpwa wetu hajaiona. Ameanza kusema kwamba mwakani angependa kwenda Meru, insha'Allah, na safari hii mama yake ndiye anayehesabu siku.

Allah (s.w.) awahifadhi vijana wetu katika kupanda kwao na kushuka kwao, na atujaalie sisi wakubwa tusiwabebeshe mizigo ya majivuno yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.