Daftari la Wiki: Kumekucha Tukiwa Naye

Jumatatu

Sisi wa Upanga hatuhitaji kutazama saa ili kujua muda wa kuona wagonjwa umefika. Bajaji na bodaboda zinajazana karibu na lango la Hospitali ya Muhimbili, kina mama wanashuka na vikapu: chupa ya uji, hotipoti ya ndizi, kanga safi ya kubadilisha. Langoni pale hakuna mgeni, kwa kuwa kila mtu ana wake ndani. Wanaulizana hali za wagonjwa hata kama hawajuani majina.

Leo mama mmoja aliulizwa na mwenzake, "Mgonjwa kaamkaje, dada?" Akajibu, "Usiku ulikuwa mrefu, ila kumekucha tukiwa naye. Tunamshukuru Mungu." Papo hapo akauliza ofisi ya ustawi wa jamii iko upande gani, maana gharama zimemzidi na anataka kuomba msamaha wa malipo.

Nayaandika yote mawili kwa pamoja kwa sababu yalitoka katika pumzi moja. Wapo wanaodhani mtu anayeshukuru ameridhika na kila kitu, kwamba shukrani ni dawa ya usingizi wanayonyweshwa maskini. Mama yule alikuwa macho kabisa. Alijua alichopewa, alijua kilichopungua, na alijua lipi alipeleke kwa Mungu na lipi alipeleke ofisini.

Jumanne

Muhimbili ipo wodi ya Sewahaji. Jina hilo hutajwa kila siku na watu wasiojua ni la nani. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Bagamoyo, mwenye asili ya Kihindi, aliyefariki mwaka 1897. Bagamoyo alitoa shule ya watoto wa rangi zote. Dar es Salaam alitoa fedha za hospitali, na hospitali iliyobeba jina lake ndiyo iliyoitangulia ile ya Princess Margaret, iliyofunguliwa Muhimbili mwaka 1956.

Mali yake ilitokana na biashara ya misafara, na misafara ile iliendeshwa kwa mabega ya wapagazi. Hilo lisifichwe. Lakini alikuwa na uwezo wa kuwaachia warithi wake mali yake yote, akachagua wagonjwa asiowajua.

Jumatano

Mvua imenyesha usiku kucha. Mto Msimbazi ukifurika na Jangwani pakafungwa, kituo cha mwendokasi cha Fire kinakuwa baraza la malalamiko. Leo nilisikiliza tu. Mmoja alilalamikia mwendokasi, wa pili serikali, wa tatu vijana wa siku hizi, na kufikia wa tano tulikuwa tumeshalaani nchi nzima. Hakuna hata neno moja lililomfikia mtu mwenye uwezo wa kubadilisha kitu. Tulipandishana presha, kisha kila mtu akaenda kazini amenuna.

Siwalaumu waliochoka. Ninachosema ni kwamba manung'uniko ya namna hii yanamla anayeyatoa, na yule anayenung'unikiwa hajui hata kama umeamka.

Ijumaa

Nilishuka Kariakoo kwa miguu. Mtaa wa Mchikichi bado unanifanya nipunguze mwendo. Hapa ndipo jengo la ghorofa lilipoanguka asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, watu wakiwa ndani wanauza na kununua. Zaidi ya 80 walitolewa wakiwa hai. Zaidi ya 20 hawakutoka salama. Wafanyabiashara na wapita njia walianza kuchimba kwa mikono, vikosi vya uokoaji vikaendelea kwa siku kadhaa, na sauti za waliokuwa chini ya kifusi zilisikika juu.

Nimelifikiria sana neno la shukrani mahali kama hapa. Aliyetolewa akasema Mungu amemwokoa, nani amkatalie? Lakini pembeni yake alisimama mtu aliyekuwa akingoja jina la ndugu yake, na ndugu huyo alikuwa ameomba Mungu yuleyule. Kwa hiyo naamini shukrani ya aliyepona inapaswa kusemwa kwa sauti ya chini, isimfanye mfiwa aone kwamba wa kwake alisahauliwa mbinguni. Na mfiwa anayesema "kazi ya Mungu haina makosa" anasema kwa machozi yake mwenyewe. Mimi sina haki ya kumsemea, wala ya kumhimiza aseme kabla hajawa tayari.

Lipo jambo la pili, na hili nalisema kwa sauti ya juu. Mungu tusimsingizie uzembe wa binadamu. Baada ya ajali ile Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo, na kuuliza majengo hayo yana usalama gani hakupunguzi imani hata kidogo. Anayemtumaini Mungu ndiye anayepaswa kuuliza kwanza, kwa sababu anaamini kila roho iliyo ndani ya duka ina mwenyewe.

Wafanyabiashara hawa wanajua kudai. Mei 2023 walifunga maduka, wakataja yanayowaumiza: kamatakamata ya watu wa kodi, usajili wa stoo. Waziri Mkuu huyohuyo akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Walisema jambo kwa jina lake, mbele ya anayehusika, kisha wakafungua maduka. Linganisha na baraza letu la Jumatano.

Leo nimemuuliza muuza vitenge, mtu wa makamo, biashara inakwendaje. "Alhamdulillahi, mwanangu. Wateja wachache, lakini nimefungua." Nikanunua doti moja.

Jumapili

Kwa sisi Walutheri sadaka ya shukrani haikai moyoni tu. Binti aliyefaulu mtihani anakwenda mbele, mzee aliyetoka kulazwa anakwenda mbele akishikwa mkono, na familia inamsindikiza. Aliyekosa fedha analeta mayai, kuku au mkungu wa ndizi, na baada ya ibada vinapigwa mnada uwanjani. Leo trei moja ya mayai iliuzwa, ikarudishwa, ikauzwa tena, mpaka bei ikapita kuku. Jirani zangu Waislamu nao huita watu, wakasoma dua, wakalisha majirani pilau. Namna hii naipenda kuliko ile ya kusema "nashukuru" na kufunga mlango.

Sasa, msomaji, kama umeamka mzima, nakuomba jambo. Langoni pale Muhimbili ndugu wa wagonjwa huhangaika kutafuta wa kuwachangia damu, na wengi wametoka mikoani, hawana mtu mjini. Kituo cha Damu Salama kipo Mchikichini, Ilala, si mbali na Kariakoo. Ukiwa na miaka 18 au zaidi na uzito wa kilo 50 au zaidi, afya yako ikikaguliwa na kukutwa njema, unaruhusiwa kuchangia: mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Nenda wiki hii.